Nani ameifungua barua hii? Jinsi programu za barua pepe zinavyotunza alama ya "imesomwa"

Ofisi iko ghorofa ya pili, nyuma kidogo ya Barabara ya Moi mjini Mombasa, si mbali na zile Pembe za Ndovu. Ni ofisi ya uwakala wa forodha: watu wanne, meza tatu, na anwani moja ya barua pepe inayotumiwa na wote wanne. Mzee mwenye ofisi anaisoma kwenye simu yake. Binti anayeshughulikia hati ana kompyuta ya mezani. Mhasibu ana laptopu anayokuja nayo asubuhi na kuondoka nayo jioni. Na yuko kijana wa kazi za nje, ambaye kutwa yumo njiani kati ya bandari ya Kilindini, mabohari ya Shimanzi na kivuko cha Likoni, naye ana simu.

Alhamisi usiku iliingia barua kutoka kwa wakala wa meli: hati moja ya mzigo ina kosa, irekebishwe ndipo kontena liachiliwe. Barua hiyo ilikuja kushtukiwa Jumanne. Siku za bure zilikuwa zimekwisha na ada ya kuweka kontena imeshaanza kuhesabiwa.

Kilichomuuma mzee si pesa peke yake. Barua ilikuwemo kikashani siku zote hizo, ila haikuwa na herufi nzito. Ilikaa kama barua iliyokwisha kusomwa, na kila mmoja aliipita akidhani mwenzake ameishughulikia. Lawama ikamwangukia binti wa hati, kwa kuwa hati ni kazi yake.

"Wallahi mzee, mimi sijaifungua."

"Basi imefunguka yenyewe, mwanangu?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi ndogo ndogo za mjini, na nilikuwa nimeitwa niangalie "kama mashine inadanganya". Nilitamani kumjibu mzee papo hapo kwamba ndiyo, huenda imefunguka yenyewe. Lakini jibu hilo tupu lingesikika kama kumtetea binti tu. Ilibidi nieleze, na maelezo yenyewe ni marefu kuliko watu wanavyodhani.

Barua yenyewe haijui kama imesomwa

Tuanze na masanduku ya posta, maana hapa kwetu barua za karatasi haziletwi mlangoni. Mtu ana sanduku lake pale Posta, labda la Digo Road, na ufunguo wake. Ukikuta bahasha imechanwa, unajua kuna aliyetangulia. Karatasi hubaki na jeraha.

Barua pepe haina bahasha ya kuchana. Ni maandishi: juu kuna mistari ya kichwa inayosema imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, tarehe, mada, na namba ya utambulisho, kisha mstari mtupu, kisha ujumbe wenyewe. Kuisoma ni kuyanakili maandishi hayo kutoka kwenye diski hadi kwenye kioo cha simu, na kunakili hakuachi jeraha lolote. Unaweza kuisoma mara elfu, na kila herufi ikabaki vile vile ilivyotumwa.

Kwa hiyo "imesomwa" si hali ya barua. Ni alama ambayo programu fulani, mahali fulani, iliamua kuiandika. Yule aliyeituma hakuiweka na hawezi kuiweka. Inaandikwa upande wa mpokeaji. Na hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia, kwa sababu watengenezaji wa programu hawakuwahi kuafikiana alama hiyo iandikwe wapi.

Kuiandika ndani ya barua

Njia ya kale kabisa, ya enzi za kompyuta za Unix (mfumo wa uendeshaji wa zamani), ni kuweka barua zote za mtu katika faili moja refu. Kila barua inaanza na mstari wenye neno "From" na nafasi mbele yake. Inayofuata inaungwa chini ya iliyotangulia, kama kanga zilizoshonwa pamoja. Mtindo huo unaitwa mbox, na ungali hai.

Katika mtindo huu, alama ya kusomwa iliongezwa kwenye mistari ya kichwa cha barua yenyewe. Ulikuwepo mstari wa "Status", na mbele yake herufi. R ilimaanisha imesomwa. O ilimaanisha si ngeni tena: programu imeshaiona ikiorodhesha kikasha, ila mwenyewe hajaifungua. Ikiwa haina herufi yoyote, basi imeingia sasa hivi.

Tazama jinsi walivyokuwa makini. Walitofautisha mambo matatu, si mawili: mpya kabisa, ya zamani isiyosomwa, na iliyosomwa. Mtu anayerudi ofisini baada ya sikukuu ya Idi anaijua tofauti hiyo vizuri. Kuna barua zilizoingia asubuhi hii, na kuna zile alizoziona juu juu wiki iliyopita akasema atarudi. Programu nyingi za leo zimeifuta tofauti hiyo machoni petu, na mimi naona tumepoteza kitu.

Shida ya mbox ni hii: faili ni moja. Ukiongeza herufi katikati, kila kilicho chini yake lazima kisogee, na kama faili ni kubwa hiyo ni kazi ya kuliandika upya karibu lote, kwa sababu ya herufi moja tu. Tena lazima lifungwe wakati huo ili barua mpya isiingie katikati ya matengenezo. Ndiyo maana baadhi ya programu zikaanza kuacha nafasi tupu mapema, ili alama ipate mahali pa kukaa bila kusukuma jirani.

Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo ndiyo ile iliyokuwa kwenye kompyuta ya binti wa hati, inalitatua hilo kwa ustadi. Kwa barua zinazotunzwa ndani ya kompyuta yenyewe, huandika mstari uitwao X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne, sifuri nne kwa kuanzia. Tarakimu ni nne daima, kwa hiyo kubadilisha hakuhitaji nafasi zaidi. Kusomwa ni 1. Kujibiwa ni 2. Kuwekewa nyota ni 4. Kufutwa ni 8. Halafu zinajumlishwa: barua iliyosomwa na kujibiwa ni 0003, iliyosomwa, ikajibiwa na kuwekewa nyota ni 0007. Namba hizo zimechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu jumla yoyote utakayoipata ina njia moja tu ya kuivunja. Saba haiwezi kuwa kitu kingine ila moja na mbili na nne.

Ile 8 nayo ina habari yake. Ukifuta barua katika faili la namna hii, haiondoki. Imewekewa alama tu kwamba imefutwa, na programu inaacha kuionyesha. Maandishi yake yangali mle mle mpaka faili libanwe upya. Nimekuta kompyuta zilizojaa barua "zilizofutwa" miaka mingi nyuma, na wenyewe wanalalamika diski imejaa.

Kuiandika kwenye jina

Katika miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein, mtunzi wa qmail, programu ya seva (yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua), alikuja na wazo lingine, na kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote. Kila barua iwe faili lake peke yake, na alama iwe kwenye jina la faili. Mtindo huo unaitwa Maildir.

Kikasha kinakuwa na folda tatu. Ya kwanza ni ya muda: barua inapoingia inaandikwa humo hadi ikamilike, hata umeme ukikatika katikati hakuna atakayeona nusu ya barua. Ikikamilika inahamishiwa folda ya mpya. Programu ya msomaji ikija kuangalia kikasha, inaitoa huko na kuipeleka folda ya tatu, ya barua zilizokwisha kutambuliwa, na hapo ndipo jina linapoongezewa mkia.

Jina lenyewe linaanza na idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Faili linaloanza na 1718000000 liliingia tarehe 10 Juni 2024, saa tatu na dakika kumi na tatu asubuhi kwa saa za Mombasa. Kisha kuna vitambulisho vya kulifanya jina lisigongane na jingine, na mwishoni mkia: nuktambili, namba 2, mkato, na herufi za alama. S ni imesomwa. R ni imejibiwa. F ni imewekewa alama ya umuhimu. T ni imetupwa. D ni rasimu. Mkia wa ":2,RS" unamaanisha imesomwa na imejibiwa. Mkia wa ":2," bila herufi yoyote unamaanisha ipo, imeonekana, haijasomwa.

Uzuri wake ni kwamba kubadilisha jina la faili ni tendo moja lisilogawanyika. Ama limebadilika au halijabadilika. Hakuna kufunga kikasha, hakuna kuandika upya, na ndani ya barua haikuguswa hata herufi. Ni kama mchukuzi anayepiga chaki kwenye gunia bila kulifungua.

Ila nakuonya kitu kimoja, maana nimeona watu wakilia. Hiyo nuktambili haikubaliki katika majina ya faili ya Windows wala katika flashi za kawaida. Seva nyingi zinatumia Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, ambako inakubalika. Mtu akijaribu kunakili kikasha cha namna hii kwenye flashi ili akihamishie mashine nyingine, ama nakala inagoma au majina yanabadilishwa, na mkia ukikatika, alama zimekwenda. Barua zote zinarudi kuwa "hazijasomwa", za miaka yote.

Je, seva inajua nini?

Hapo juu nimezungumza kana kwamba barua na msomaji wako kwenye mashine moja. Kwenye ofisi ya mzee wasomaji ni wanne na barua ziko kwenye seva ya mbali. Sasa itifaki, yaani lugha ambayo programu na seva wanaongea, ndiyo inayoamua nani anaijua alama.

Kuna POP3, ambayo maelezo yake yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 1996. Ilitungwa kwa ajili ya watu wanaounganishwa kwa muda mfupi: unapiga simu kwa modemu, unapakua barua zako, unakata. Mtu aliyewahi kulipa kwa dakika katika mkahawa wa intaneti anaelewa kwa nini. Amri za POP3 ni chache mno: barua ziko ngapi, nipe orodha, nipe ya tatu, futa ya tatu. Hakuna amri hata moja ya kusema "nimeisoma hii". Seva inayozungumza POP3 haikuulizi na wala haina pa kukuambia.

Basi programu yako inakumbukaje? Inaandika daftari lake yenyewe. Seva humpa kila ujumbe utambulisho wa pekee, na programu huweka orodha ya tambulisho ilizokwisha kuzipakua. Kilichosomwa na kisichosomwa kinakaa kwenye kompyuta yako peke yake. Ukinunua simu mpya na kuiweka kwa POP3, simu hiyo haina daftari. Kwake yeye kila barua iliyoko kwenye seva ni mpya. Nimewahi kuitwa usiku na mtu aliyedhani ameibiwa akaunti, kumbe alibadilisha simu tu.

Halafu kuna IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Wazo lake ni kinyume: barua zinabaki kwenye seva, na alama pia. Simu na kompyuta ni madirisha tu ya kuchungulia sanduku moja. IMAP ina alama zake rasmi, na ya kusomwa inaandikwa \Seen. Ziko na nyingine za kujibiwa, za umuhimu, za kufutwa na za rasimu. Ilikuwepo pia \Recent, iliyofanana na ile tofauti ya kale kati ya mpya na ya zamani, lakini toleo la mwaka 2021 limeiondoa.

IMAP inadai muunganisho wa mara kwa mara, na hilo hapa kwetu lilikuwa mzigo. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009; kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti. Sitashangaa ikiwa ofisi nyingi za zamani zilibaki na mipangilio ya POP3 kutoka enzi hizo, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha kisa cha ile barua. Katika IMAP hakuna alama ya "haijasomwa". Iko alama ya kusomwa tu, na barua isiyokuwa nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa haijasomwa. Ukimwambia Thunderbird "rudisha iwe haijasomwa", haiongezi kitu, inaondoa. Gmail imefanya kinyume: kwake "haijasomwa" ni lebo inayobandikwa barua inapoingia, nayo hubanduliwa ukiifungua. Machoni mwa mtumiaji ni sawa.

Na jambo la pili. Alama ya \Seen haina jina la mtu wala saa. Haisemi nani, haisemi lini, haisemi kwa kifaa kipi. Ipo au haipo. Seva inaweza kupangwa iweke kumbukumbu za mabadiliko ya alama pembeni, lakini lazima mtu awe ameliwasha jambo hilo kabla ya mkasa. Ya ofisi hii haikuwa imewashwa.

Mzee alisikiliza hadi hapo akasema, "Kwa hiyo sanduku moja, funguo nne, na bahasha haisemi mkono wa nani."

Ndivyo hasa. Ziko seva zinazoweza kumtunzia kila mtu alama zake katika kikasha cha pamoja, lakini kwa sharti kila mtu aingie kwa jina lake na nywila yake. Hawa wanne walikuwa wakiingia kwa nywila moja. Mbele ya seva walikuwa mtu mmoja mwenye vifaa vinne.

Ni lini hasa inahesabiwa imesomwa?

Ukiuliza watu watasema, "Ukiifungua." Lakini kompyuta haiyaoni macho yako. Inachoona ni kwamba programu imeomba maandishi ya barua.

IMAP ina njia mbili za kuomba maandishi hayo. Ya kwanza ni ya kawaida: programu inasema nipe barua hii, na seva inaitoa na papo hapo inaweka \Seen yenyewe. Ya pili ni ya kuchungulia, na neno lenyewe katika itifaki lina maana hiyo hiyo: nipe maandishi, ila usiguse alama. Programu nzuri ya kisasa hupakua kwa kuchungulia, halafu yenyewe inaamua ni wakati gani wa kuweka alama.

Uamuzi huo ndio unaotofautiana. Nyingine huweka alama mara tu unapobonyeza barua. Outlook inaweza kupangwa isubiri sekunde kadhaa barua ikiwa kwenye kidirisha cha pembeni, au iweke alama pale unapohama kwenda nyingine. Ukiteremka na mshale kwenye orodha ukitafuta barua moja, unaweza kuacha nyuma yako safu nzima ya barua "zilizosomwa" ambazo hukusoma hata mada zake. Na programu ya pembeni, kama ya kutunza nakala au ya kupanga barua, ikiwa imeandikwa ovyo bila kuchungulia, inaweza kupita kikasha kizima usiku na kuzima herufi nzito zote huku ofisi imefungwa.

Nikaanza na hiyo. Haikuwepo. Nikaangalia kompyuta ya binti: mipangilio yake ilikuwa safi, na Alhamisi hiyo Thunderbird ilizimwa saa kumi na moja jioni, kabla barua haijaingia. Laptopu ya mhasibu haikuwa na kitu cha ajabu. Simu ya mzee iliweka alama pale tu barua inapobonyezwa na kufunguliwa, basi. Ikabaki simu ya kijana wa kazi za nje.

Nilimwomba asifanye lolote zaidi ya anachofanya kila siku. Kwanza nikatuma barua mbili za majaribio, ya pili yake ikiwa na sura ya tangazo. Akasema, "Matangazo mimi nayafuta nikiwa feri, ndiyo nafasi ninayoipata." Akalifungua tangazo, akalifuta. Simu haikumrudisha kwenye orodha. Ilimfungulia barua iliyofuata, ile ya kwanza niliyotuma. Akabonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikazima, simu ikaingia mfukoni. Ilikuwa kama kupepesa macho.

Kwenye kompyuta ya binti, herufi nzito za barua ile zikafifia mbele yetu sote.

Hakuna aliyesema kitu. Mpangilio ule ni wa kawaida katika programu nyingi za simu: ukifuta barua, nenda kwenye inayofuata. Kwa mtu mwenye kikasha chake peke yake, ni wepesi. Katika kikasha cha pamoja ni hatari, na kijana wa watu hakujua hata kwamba mpangilio huo upo. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa Alhamisi usiku, lakini tangazo lililoingia baada ya barua ya wakala wa meli lilikuwemo kwenye folda ya taka, na kijana alikuwa kwenye feri ya usiku.

Feri nayo ina sehemu yake. Simu ikipoteza mtandao, haiwezi kumwambia seva chochote, kwa hiyo inaandika kwenye foleni yake: nikirudi hewani, ongeza \Seen kwenye barua fulani. Mtandao ukirudi, foleni inamwagwa. Ikiwa katikati ya hapo binti aliirudisha barua iwe haijasomwa, foleni inafika na kuweka alama upya, na la mwisho kufika ndilo linalobaki. Kuna nyongeza ya IMAP ambayo humpa kila badiliko namba inayopanda, ili simu iulize tu "ni nini kimebadilika tangu namba ile?" na hata kukataza badiliko kama kuna jingine lililotangulia. Inasaidia sana kuharakisha usawazishaji. Lakini haitambui nia ya mtu.

Mhasibu alikuwa na swali lake, ambalo nasikia kila mahali: kwa nini simu inasema kuna barua 3 zisizosomwa na ukifungua huoni hata moja? Namba ile ya kwenye ikoni haihesabiwi upya kila ukitazama. Ni hesabu iliyowekwa akiba, na hesabu ya akiba huchelewa au hukosea. Mara nyingine barua zenyewe zipo, ila ziko kwenye folda usiyoifungua, au zimejificha ndani ya mazungumzo marefu yaliyokunjwa. Tafuta kwa neno la kutafutia zisizosomwa, usitafute kwa macho. Na kama kweli hazipo, iambie programu ijenge upya orodha ya folda hiyo. Orodha ni muhtasari tu. Ukiharibika, unajengwa tena kutoka kwenye barua zenyewe.

Mzee naye akauliza, kwa wasiwasi, kama wakala wa meli anaweza kuona kwamba barua ilisomwa Alhamisi, kisha aseme "mlisoma mkanyamaza". Hilo ni woga uliozaliwa na tiki za buluu za WhatsApp. Alama ya \Seen ni ya kikasha chako. Haisafiri kurudi kwa mtumaji. Mtumaji anaweza kuomba risiti ya kusomwa, lakini kwa kawaida programu hukuuliza kwanza kama unakubali kuituma. Wengine, hasa watuma matangazo, huficha kijipicha kisichoonekana ndani ya barua. Kikipakuliwa, seva yao inajua. Hata hiyo si ushahidi wa kutegemea: tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe mwenye simu akiwa hajaigusa barua.

Tulichobadilisha siku hiyo ni kidogo. Kwenye simu zote mbili tuliweka kwamba ukifuta barua unarudishwa kwenye orodha. Nilihakikisha vifaa vyote vinne viko kwenye IMAP. Nikamwomba mzee awafungulie wenzake majina yao wenyewe kwenye seva, na hilo amesema atalipanga na anayemhudumia. Na tukaacha kabisa kutumia herufi nzito kama daftari la kazi. Tulitengeneza folda mbili kwenye seva, moja inaitwa Bado na nyingine Tayari. Barua yenye kazi inahamishiwa Bado na yeyote anayeiona wa kwanza, iwe imesomwa au haijasomwa, na haitoki humo mpaka aliyeimaliza aipeleke Tayari kwa mkono wake. Tungeweza kutumia lebo za rangi, lakini lebo hazionekani sawa katika programu zote. Folda inaonekana kila mahali.

Nilipokuwa nakusanya nyaya zangu, mzee alimgeukia binti wa hati.

"Mwanangu, niwie radhi."

"Hapana neno, mzee," akasema, na akarudi kwenye kioo chake. Ndani ya Bado kulikuwa na barua sita.